Siku tano juu ya Rondo, nikimtafuta ndege apinduaye majani

Maelezo haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi nyumbani Mtwara, kwa msaada wa daftari dogo ambalo kurasa zake mbili zililowa, picha za simu, na karatasi chache za malipo nilizozikuta mifukoni. Mahali ambapo daftari halisomeki nimefuata saa iliyoandikwa kwenye picha.

Ndege niliyekwenda kumtafuta huitwa na wataalamu *Geokichla guttata*. Ni wa jamii ya mikesha, ndege ambao kwa Kiingereza huitwa *thrush*, na kwa kuwa sikupata jina la Kiswahili ambalo kila msomaji angelitambua, hapa nitamwita mkesha wa madoa. Urefu wake haufiki sentimita 25. Mgongo una rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na zeituni, tumbo ni jeupe lenye madoa meusi ya mviringo, kila bawa lina safu mbili za vitone vyeupe, na usoni ana alama mbili nyeusi zilizosimama wima kama chale. Maisha yake hupita chini, juu ya majani makavu ya msitu, akitafuta minyoo, konokono na wadudu. Hupatikana vipande vipande, kutoka Sudan Kusini na Kongo hadi Malawi na pwani ya Afrika Kusini, na kila kipande kiko mbali na mwenzake. Misitu inavyozidi kukatwa, ndivyo vipande hivyo vinavyozidi kupungua, na ndiyo maana amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini. Wale wanaoonekana pwani ya Kenya, kwenye magofu ya Gede na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hukaa huko tangu Aprili hivi mpaka Novemba, kisha hutoweka, kwa maana hawazalii huko. Misitu michache ya kusini-mashariki mwa Tanzania, Rondo ikiwemo, ni miongoni mwa mahali ambapo wamepata kuonekana wakizaa wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo nilikwenda Januari, mwezi ambao kila mwenye busara huikwepa barabara ya Rondo.

Ijumaa, 3 Januari 2025: Mtwara hadi Mtama

Niliondoka stendi ya Mtwara saa moja na nusu asubuhi kwa basi dogo la Masasi, nauli shilingi 9,000 mpaka Mtama. Mikindani, Mpapura na mashamba ya mikorosho ya njiani ninayajua kiasi kwamba nililala mpaka Mnazi Mmoja, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Lindi mjini na nyingine ikielekea Masasi. Wauza korosho walilizunguka basi kama kawaida yao. Nilinunua pakiti mbili, na moja kati ya hizo ilikuja kunifaa zaidi ya nilivyotarajia.

Anayetoka Mtwara hana haja ya kwenda kwanza Lindi mjini. Apande basi linalopita njia ya Masasi, ashuke Mtama, na aulize pale magari ya Rondo yanapopakilia. Magari hayo hayana saa maalumu. Huondoka yakijaa, na mvua ikinyesha huenda yasiondoke kabisa.

Hayo yalinikuta mimi. Nilishuka Mtama saa tano kasorobo wingu likiwa limetanda upande wa kaskazini, kule uwanda wa Rondo unakoinuka mpaka karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kabla sijamaliza chai mvua ikaanza. Dereva aliyekuwa na abiria saba tayari alizima injini, akashuka, akautazama mlima kwa muda mrefu, kisha akarudisha nauli za watu bila kuulizwa. Hakuna aliyemlaumu. Mama muuza chapati, ambaye nilikuwa nimenunua kwake chapati moja tu, aliniwekea begi langu nyuma ya meza yake mpaka jioni, akanielekeza kwenye nyumba ya wageni ya shilingi 15,000 na kunionya kwamba bati la chumba cha mwisho linavuja. Nilipewa chumba cha mwisho. Nilisogeza kitanda, nikaweka ndoo penye tone, nikalala.

Jioni hiyo nilinunua koti la mvua kwa shilingi 12,000. Atakayekwenda msimu huu anunue koti kabla ya kufika, na daftari alifunge kwenye mfuko wa nailoni tangu siku ya kwanza, si siku ya pili kama nilivyofanya mimi.

Jumamosi, 4 Januari: Kupanda

Mvua ilikatika alfajiri. Gari bado halikuwa tayari kupanda, nikapatana na kijana wa bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 20,000, kwa sharti lake kwamba palipo na mwinuko mkali nitatembea. Nilitembea mara tatu. Barabara ni ya udongo mwekundu ambao ukikauka huwa mchanga na ukilowa huwa sabuni. Mara ya nne kijana alijiamini, hakuniambia nishuke, na sote wawili tukaanguka taratibu ubavuni mwa tuta, pikipiki ikiwa juu ya mguu wake. Hakuumia, ila tope lilikuwa limeziba gurudumu lisizunguke.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi kando ya njia alitujia na jembe lake. Hakusema neno mpaka alipomaliza kukwangua tope lote kwenye gurudumu, kazi ya kama robo saa, kisha akanisalimu na kuniuliza ninakwenda wapi. Nilipomtajia kijiji cha Mnara alicheka na kusema kuwa Mungu amemletea gari. Fedha alizikataa, alichotaka ni nimchukulie dada yake furushi la mbegu za mbaazi, kwa sababu mvua imeshaanza na dada hana mbegu. Nikalipakata lile furushi mpaka juu.

Dada huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu kwa usiku tatu. Nilipoulizia nyumba ya wageni, alilipokea furushi, akalifungua, akazitazama mbegu, kisha akasema kwamba mtu aliyebeba mbegu za ndugu yake hawezi kulala penginepo. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, yeye, watoto wawili, na baba mkwe wake mzee sana ambaye wote walimwita Babu.

Mchana nilikwenda kujitambulisha kwenye ofisi ya kijiji, halafu kwa askari wa uhifadhi. Sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Rondo, zaidi ya hekta 11,000, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mtu haingii kama anavyoingia shambani kwake. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu. Kwa raia ni kidogo kuliko nauli yangu ya bodaboda, lakini mtandao ulikuwa ukija na kutoweka, na malipo ya dakika mbili yalichukua saa moja na nusu chini ya mwembe ambao kila mtu kijijini anajua kuwa ndipo simu inaposhika. Ni vyema kulipa ukiwa bado Mtama. Askari niliyepangiwa, kijana mpole aliyehamishiwa hapo miezi minne tu iliyopita kutoka kanda ya ziwa, alikiri kwamba miti anaifahamu lakini ndege hawajui, nami nikamwambia kwamba tutakuwa wanafunzi wawili.

Chakula cha usiku kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Babu alisimulia jinsi mivule ya Rondo ilivyokatwa kwa mashine baada ya Vita Kuu ya Pili na magogo kuteremshwa pwani. Baba yake alikuwa kibarua kwenye kazi hiyo. Alionyesha unene wa mvule mmoja kwa kumwomba mjukuu wake mkubwa asimame upande mmoja wa uwanja na mdogo upande wa pili. Halafu akawarudisha nyuma hatua moja, kwa sababu, alisema, asije akaonekana mwongo.

Jumapili, 5 Januari: Siku ya makosa

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilipenda njia pana, na njia pana ilitupeleka kwenye misindano iliyopandwa na watu. Ni mahali pa kutembea kwa raha, pana kivuli na hakuna miiba, lakini chini kumetandikwa sindano kavu kama mkeka, na hatukuona kitu chochote kikitikisika hapo kwa saa nzima. Ndege aishiye kwa kupindua majani atapindua nini hapo?

Kosa la pili lilikuwa zuri zaidi. Tulipoingia msitu wa asili, penye mizabibu mwitu na miti midogo iliyosongamana, nilisikia majani yakichakarishwa mbele yetu, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Nilimshika askari mkono. Tulichuchumaa kwa dakika ishirini, miguu ikafa ganzi, na mwishowe akatokea sange, yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo, akatutazama, akapiga mkia chini na kutoweka kwa mbio. Saa moja baadaye tulidanganyika tena, safari hii na kundi la kororo, wale kanga wa msituni wenye kishungi cheusi kichwani, ambao hupekua kama kuku na kuacha ardhi kana kwamba imelimwa. Kumbe msitu wa Rondo una wapekuaji wengi, na kila mmoja ana mlio wake: sange hukwaruza mfululizo, kororo hukwangua kwa kupokezana, na yule niliyemtaka, kama nilivyokuja kujua kesho yake, hutupa jani moja, akanyamaza, kisha akatupa jingine.

Tulirudi mchana bila chochote, tumelowa. Pakiti ya pili ya korosho ndiyo iliyokuwa chakula chetu, kwa sababu mfuko wa mihogo niliuacha mezani.

Usiku, kwa idhini ya askari na akiwa nasi, tulitembea ukingoni mwa msitu na tochi, na kwa muda usiozidi nusu dakika tulimwona komba mdogo wa Rondo, mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Uzito wake ni gramu 60 hivi, naye ni mmoja wa jamii ya nyani na komba walio hatarini kutoweka duniani. Ningeweza kuandika mengi juu yake, lakini sikwenda kwa ajili yake.

Jambo la maana siku hiyo lilitokea jikoni. Nilikuwa nimechora mkesha wa madoa daftarini kwa kalamu, na mama mwenyeji, akikoroga mboga, akaomba kuuona mchoro. Aliutazama akiwa ameugeuza juu chini, akaugeuza tena, akasema, "Mwalimu, huyu tunamwona kule korongoni tunakochota maji, wakati wa mvua. Wa madoadoa. Hana woga sana, ila ukitembea haraka humwoni." Nilimuuliza kwa nini kule na si kwingine. Akajibu kwamba kule hakuna anayeokota kuni, kwa sababu mteremko ni mkali, na ukipanda na mzigo kichwani unaweza kuvunjika kiuno.

Waulize wanaochota maji na wanaookota kuni kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote, na uwaonyeshe mchoro au picha iliyochapwa. Usibebe sauti ya ndege huyu kwenye simu kwa nia ya kumwita. Kwa miezi hii ya kuzaa unamtoa kazini, naye anakuja akidhani ana mgeni wa kupigana naye.

Jumatatu, 6 Januari: Korongoni

Mama mwenyeji alitutangulia mpaka mwanzo wa njia ya maji, ndoo kichwani, akatuonyesha kwa kidevu na kuendelea na safari yake. Tulishuka kwa kushikilia mizizi. Saa kumi na mbili na dakika kumi tuliketi chini, mgongo kwa mgongo na shina la mti, tukakubaliana kutosema wala kusimama mpaka saa mbili.

Mwanzoni kulikuwa na matone tu. Mvua ilikuwa imekatika usiku, lakini juu majani bado yalikuwa yakijikung'uta, na kila tone lilipogonga jani kavu nilidhani ni yeye. Saa kumi na mbili na dakika hamsini, kwa mujibu wa picha ya kwanza, jani moja liliruka kando lenyewe. Halikusogea wala kutikisika. Lilirushwa, likaangukia juu ya mzizi. Kimya. Kisha la pili, karibu na la kwanza. Nilitazama mahali hapo kwa muda ambao nadhani ulifika dakika moja bila kuona ndege, ingawa sasa nikiitazama picha naona kwamba alikuwa katikati kabisa, amesimama wima, kifua chake kimetugeukia. Madoa yale meusi juu ya weupe hayatofautiani na vipande vya mwanga na kivuli kwenye majani yaliyolowa. Akisimama, ni kama hayupo.

Alipotembea ndipo alipoumbika. Alikimbia hatua tatu au nne, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja, akalishika jani kwa ncha ya mdomo na kulitupa kando kama mtu anayefunua kawa asiyetaka kuonekana ana njaa. Chini ya jani la tano au la sita alivuta mnyoo, akaula, akaendelea. Miguu yake ilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, na kila alipofika kwenye jani kubwa alilizunguka kwanza. Tulikuwa naye kwa dakika 45, umbali wa hatua kumi au kumi na mbili, na katika muda huo wote sikumwona akiruka zaidi ya mara moja, pale alipopita juu ya gogo.

Kisha tabia yake ikabadilika. Mnyoo aliofuata hakuula. Akakamata wa pili akiwa bado ameushikilia wa kwanza, na wa tatu, mpaka ikawa inaning'inia pande zote mbili za mdomo, halafu akakimbilia juu ya mteremko, nyuma ya kichaka, moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Nilijua maana yake, na askari, mwanafunzi mwenzangu, aliijua pia. Nilianza kuinuka. Akanigusa bega na kusema kwa sauti ya chini, "Hapa tumefika mwisho, mwalimu."

Ninakiri kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimetoka Mtwara, nimeanguka na pikipiki, nimelala chini ya bati linalovuja, na pengine kiota kilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Lakini njia ambayo watu wawili wameikanyaga kwenye majani yaliyolowa hubaki wazi kwa yeyote anayependa mayai na makinda, na kima walikuwa juu ya miti wakitutazama tangu asubuhi. Tulirudi kinyumenyume kwenye njia ya maji.

Kabla ya kupanda nilidumbukiza kidole kwenye majani pale tulipokuwa tumeketi. Kilizama mpaka pingili ya pili kabla ya kugusa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa mweusi, wa baridi, wenye kunuka uyoga. Nilifanya hivyo tena juu, karibu na kijiji, penye msitu unaopitiwa na waokota kuni kila siku: miti ni mikubwa vilevile, kivuli ni kilekile, lakini kidole kiligota mara moja kwenye ardhi ngumu. Mtu anayehesabu miti angesema misitu hii miwili ni sawa. Tumezoea kuulinda msitu kwa kutazama juu, tukihesabu mivule iliyobaki, ilhali kwa ndege huyu msitu ni kile kimo cha kidole, kitu ambacho sisi wenyewe tukikikuta uwanjani kwetu tunakiita taka. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wanawake wa Mnara, ambao hawana nishati nyingine ya kupikia, na ambao mmoja wao ndiye aliyenionyesha nilichokitafuta.

Mchana tulilala. Jioni nilimwonyesha mama mwenyeji picha. Akasema, "Ndiye," akaendelea kupepeta.

Jumanne, 7 Januari: Kurudi

Niliamshwa na ufagio. Mama mwenyeji alikuwa akifagia uwanja, jani kwa jani, kama anavyofanya kila siku kabla jua halijachomoza, mpaka ukabaki na mistari ya fito tu. Babu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akingoja uji, aliniambia nisikanyage katikati.

Malipo ya malazi aliyakataa kama nilivyotarajia, ila alipokea shilingi 45,000 nilipoziita fedha ya mafuta na sukari ya watoto. Nilishuka na Fuso lililobeba magunia ya korosho, shilingi 8,000, nikiwa ndani karibu na dereva. Barabara ilikuwa imekauka kiasi. Pale tulipoangukia, yule mama wa jembe alikuwa shambani. Dereva alipunguza mwendo, nikampungia na kupaza sauti kwamba mbegu zimefika, naye akainua jembe. Kutoka Mtama nilipata basi saa nane, na saa moja jioni nilikuwa Mtwara.

Kwa anayetaka kupanga bajeti: nauli ya basi kwenda na kurudi shilingi 18,000, nyumba ya wageni 15,000, bodaboda 20,000, Fuso 8,000, mwenyeji 45,000, posho ya askari kwa siku mbili 40,000, koti 12,000 na vyakula vya njiani 14,000. Jumla ni 172,000 bila kiingilio cha hifadhi. Ningeweza kuokoa koti, na ningeweza kuongeza siku moja, kwa sababu siku ya kwanza msituni kila mgeni huimaliza kwa makosa.

Picha ziko kumi na nne. Kumi na moja ni za majani. Katika mbili kuna kitu chenye madoa ambacho nikimwonyesha mtu lazima nikizungushie duara, na moja tu, ile ya minyoo mdomoni, inaonyesha ndege kamili, japo mkia umekatwa. Juzi mama mwenyeji alinipigia simu akiwa chini ya mwembe, akauliza kama ninaweza kuichapa hiyo moja kwa ajili ya mtoto wake mkubwa, anayetaka kuipeleka shuleni. Nimechapa mbili, moja yake na moja ya askari, nimezifunga kwenye kadibodi na nailoni, na utingo wa basi la Masasi amekubali kuziacha Mtama kwa mama wa chapati kwa shilingi 2,000.